Mbwa wa Bwana Josho Hajaribiwi

Saa moja asubuhi, Ringwani. Huna haja ya kumwona Simioni Machage ili ujue kwamba anakuja. Mbwa wa nyumba ya kwanza wanaanza, wa nyumba ya pili wanapokea, na kwa kuwa siku hizi nyumba za kijiji zimepangwa mstari ulionyooka kama rula, kelele zinasafiri mlango kwa mlango hadi ofisi ya kijiji. Baiskeli yenyewe inatokea baadaye.

"Salamu zangu hizo," anasema Simioni bila kucheka. "Hata Mwenyekiti hapokelewi hivi."

Simioni ni mhudumu wa josho, Bwana Josho kama wanavyomwita. Kazi yake ni kuogesha ng'ombe dawa ya kuua kupe, na kila inapofika zamu ya mbwa, yeye ndiye anayepita na bwana mifugo kuwadunga sindano ya kinga ya kichaa cha mbwa. Harufu ya dawa imemwingia mpaka kwenye kofia. Mkewe, Gati, anasema sabuni ilishakata tamaa zamani. Mbwa wanamnusa kabla hajavuka mto, na kwa kuwa kila mmoja wao ana kumbukumbu yake ya sindano, hakuna anayemkaribisha.

Leo nyuma kwenye keria amefunga sanduku la sabuni kwa mipira ya tyubu. Liko tupu. Anakwenda kulijaza, na uso wake unaonyesha kwamba safari hii ameshaifanya mara nyingi kuliko alivyopenda.

Tomaso Nyangwine anamsubiri mbele ya zizi, mikono kiunoni.

"Mura, mwenzangu, chukua mbwa wako."

"Ulimjaribu?"

"Nani, mimi?"

"Tomaso."

"Kidogo tu."

Hiyo "kidogo tu" ilikuwa hivi. Juzi jioni Tomaso, baba wa watoto saba na mjumbe wa nyumba kumi, alijifunika blanketi kichwani, akazunguka nyuma ya zizi, akatikisa miti ya mlango huku akikohoa. Kwa nini mwizi wa ng'ombe akohoe, Tomaso hajaeleza mpaka leo. Mbwa hakubweka. Aliingia chini ya ghala la ulezi na huko ndiko aliko, hali, hanywi.

"Sasa huyu ni mbwa gani?" Tomaso anauliza. "Wezi wakija atawapisha njia?"

"Siku ile nilikwambia nini?"

"Ulisema nisimjaribu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema sawa."

"Sasa?"

"Sasa, Simioni, nisipomjaribu nitajuaje kama mbwa ni mbwa?"

Simioni anaamua kwamba jibu la swali hilo halipo duniani. Analala kifudifudi kwenye vumbi, shati la kazi na yote, na kuingiza kichwa chini ya ghala.

"Wewe," anaita taratibu. "Haya, wewe. Twende."

Anatoka mbwa wa rangi ya udongo mwekundu, mwembamba, sikio moja limesimama na jingine limeamua kulala. Anamnusa Simioni mkono, dawa ya josho na yote, wala hakunji pua. Hili ndilo linalowashangaza watu. Katika kata nzima, mbwa pekee asiyembwekea Simioni ni huyu, na huyu ndiye asiyetakiwa na mtu.

Hana jina. Shemeji yake Simioni, aliyekuwa wa kwanza kumchukua, alimwita Simba. Tomaso akamwita Bomu. Yeye haitikii lolote kati ya hayo. Anaitikia "wewe" tu.

Simioni alimkuta kwenye mahame, juu huko vilimani, ambako watu waliishi kabla ya kuhamia vijijini mwaka 1974. Lori lilikuja likabeba watu, vyungu, kuku na mabati. Mbwa hawakupewa nafasi. Wengi walifuata kwa miguu. Huyu alibaki amelala kwenye kizingiti cha nyumba iliyokwisha kuezuliwa, akilinda kuta.

"Nilidhani amekufa," anasema Simioni. "Nikapita. Nikageuza baiskeli. Hapo ndipo nilipokosea maisha yangu, hapo kwenye kugeuza baiskeli."

Aliuliza kila alikopita ni mbwa wa nani. Mmoja alimwambia wenyewe wamehamia upande wa Tarime, mwingine akasema Kerende, wa tatu akamuuliza kama hana kazi ya kufanya.

Tangu siku ya lori mbwa huyo anaogopa kila kitu kinachotokea ghafla. Lori likiguruma, debe likianguka, mluzi, mlango ukibamizwa, hata mtu akipaza sauti kumwita mwenzake, basi yeye hayupo. Anajificha au anakimbia, na akikimbia anarudi kulekule kwenye kizingiti chake.

Kwa nini basi Simioni asikae naye mwenyewe? Nyumba yake iko ubavuni mwa josho. Siku ya josho ng'ombe wa vijiji vitatu wanafika kwa mpigo, na kila kundi linakuja na wachungaji wanaopiga miluzi kana kwamba wanalipwa kwa mluzi. Ng'ombe wa kwanza hajalowa mgongo, mbwa ameshavuka mto.

Gati ana maoni yake. "Mume wangu akiongea na mbwa, sauti inakuwa laini utadhani anaposa. Mimi ananiita kwa mluzi."

Mwenyekiti wa kijiji naye ana yake, na aliyatoa mkutanoni mbele ya watu wote. "Ndugu Machage, Serikali inakulipa uue kupe. Wewe unafuga mmoja, anakula bila kufanya kazi!" Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Simioni, mtu wa kima cha chini ambaye anagawana ugali na mbwa kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, hakucheka.

Hakucheka kwa sababu anaijua amri iliyotoka. Mbwa mwenye kichaa aliuma watu kijiji cha jirani, na sasa imeamriwa kwamba siku ya sindano kila mbwa aje na mtu wake. Mbwa asiye na mtu, au atakayekutwa anazurura baada ya hapo, atapigwa risasi. Mpigaji ni askari wa wanyamapori. Mwonyeshaji, kwa kuwa ndiye anayewajua mbwa wote, ni Simioni.

"Akikutwa kule kwenye mahame," anasema, "mimi ndiye nitakayesema: huyo pale."

Ndiyo maana anahangaika kutafuta nyumba tulivu yenye mtu mvumilivu. Na katika kijiji kilichopangwa mstari, ambako jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani, tafuta hiyo nyumba tulivu!

Kabla ya Tomaso, aliona ameipata kwa Mwalimu Evodius, kijana mpole aliyehamishiwa hapa kutoka Ziwa Magharibi. Mwalimu anaishi peke yake, anasoma mpaka chai inapoa, hajawahi kusikika akigombana na mtu. Simioni akampa mbwa na sharti lake lilelile: usimjaribu. Mwalimu akasema anaelewa kabisa.

Alielewa kwa juma moja. Kisha akamsubiri mbwa asinzie, akaigonga rimu ya lori inayotumika kama kengele ya shule.

"Sikumjaribu," Mwalimu Evodius anajitetea hadi leo. "Ile ilikuwa tathmini."

Mbwa alitathminiwa hadi kwenye mahame. Simioni akamfuata huko, akasukuma baiskeli mlima wote, huku akisema maneno ambayo Gati ameomba yasichapishwe.

Lakini tuwe wa haki. Huku ng'ombe wanaweza kulala zizini wakaamkia wilaya nyingine, na mbwa anayepokelewa nyumbani hupokelewa kama askari mpya: anapimwa kwanza. Kila mwenye mji atakwambia hivyo. Baba anajifanya mwizi, kaka anatupa jiwe, bibi anapiga debe. Wakimwambia Simioni hawatamjaribu, hawamdanganyi. Wanachomaanisha ni kwamba hawatamjaribu sana.

"Nimechoka," anasema Simioni mbele ya zizi la Tomaso, akifunga mipira ya sanduku, mbwa ndani. "Si mbwa aliyenichosha. Mbwa hana neno. Nimechoshwa na hawa wenye akili."

Kesho yake anaazimwa kijiji cha Natta, safari ya asubuhi nzima kwa baiskeli, kwenda kusaidia sindano za mbwa wa huko. Boksi la dawa liko mbele. Mbwa yuko nyuma, kwa kuwa hakuna pa kumwacha.

Natta ndiko anakoishi Philomena, mjane mwenye mvi, mfuga nyuki. Yeye haishi kwenye mstari. Alihamishwa pamoja na wenzake, akatundika mizinga yake nyuma ya ofisi ya kijiji, na mambo yakaenda vizuri hadi siku ya mkutano mkubwa. Wageni walikuwa wamefika, hotuba ya bidii kazini imefika katikati, ndipo nyuki nao walipoamua kuhudhuria. Watu wanasema hawajaona bidii kama ile tena. Jioni yake kamati ilikubaliana kwa sauti moja kwamba Mama Philomena arudi na mizinga yake alikotoka, kando kabisa, karibu na pori. Huenda ndiye mtu pekee aliyehamishwa kurudi kwake.

Simioni anamkuta amekaa nje akisokota kamba ya magome ya mti. Mizinga ya magogo inaning'inia juu ya miti. Hakuna sauti ila ya nyuki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Simioni anaanza. Hotuba hii anaijua kwa moyo. Mbwa huyu habweki. Halindi. Anaogopa debe, mluzi, lori, mlango. Usimpigie kelele. Usimfunge. Na zaidi ya yote, mama, usimjaribu.

Philomena anasokota kamba.

Simioni anarudia kuanzia kwenye debe. Philomena anafika mwisho wa kamba, anafunga fundo, anaanza nyingine.

"Mama, umenisikia kweli?"

"Nilikusikia mara ya kwanza."

"Na hutamjaribu?"

"Nimjaribu ili iweje?"

"Watu wanataka kujua, mwizi akija..."

"Aibe nini? Mizinga?" Mama anatazama juu mitini. "Aje."

Simioni anageukia keria. Anafungua sanduku. Mbwa anashuka, anazunguka nyumba kando ya ukuta, anarudi, anafika kwenye kizingiti. Anakinusa kwa muda mrefu. Halafu analala juu yake.

"Anakula nini?" Philomena anauliza.

"Anachopewa."

"Basi."

Alasiri, siku hiyohiyo, Philomena alisimama kwenye foleni ya sindano, mkono wake shingoni mwa mbwa. Alipoulizwa huyu ni mbwa wa nani, akasema ni wangu. Simioni ndiye aliyeshika sindano. Walioshuhudia wanasema mbwa hakulia, na kwamba mhudumu alidunga huku ametazama pembeni.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akalale. Simioni alirudi, lakini hakulala. Gati anasema alikuwa akigeuka kitandani kama mhogo unaochomwa. Je, kama yule mama naye ni walewale? Je, kama wana wake wamekuja kumtembelea, wakakuta debe? Je, kama mbwa ameshakimbia, na askari ameshamwona?

Jumapili ya pili, badala ya kwenda kanisani, alipanda baiskeli akaelekea Natta.

Na sasa tufike kwenye jambo ambalo Simioni hapendi kulieleza, lakini Philomena alilieleza bila kuombwa mara mbili. Bwana Josho hakupita njiani. Aliilaza baiskeli kwenye majani, akainama, akanyata kutoka upande wa pori, nyuma ya kichaka, kofia ameivua na kuishika mkononi.

"Nilikuwa naangalia tu," anasema Simioni.

"Kidogo tu," Gati anaongezea.

Kijiti kilivunjika chini ya kiatu chake. Ndipo ikatoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia: bweko moja nene, lenye kutu, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa. Kisha la pili. Mbwa mwekundu alikuwa amesimama kati ya kichaka na mlango wa Philomena, manyoya ya mgongo yamesimama, na safari hii masikio yote mawili.

"Wewe," Simioni aliita kwa ile sauti yake ya kuposa. "Ni mimi."

Mbwa akabweka tena. Alikuwa ameshajua kwamba ni yeye.

Philomena alitoka, kamba mkononi. Akamtazama mbwa, akamtazama mtu mzima aliyechuchumaa kichakani na majani nyweleni.

"Ulisema habweki."

"Habweki, mama," alisema Simioni, ikabidi aseme kwa sauti kubwa ili asikike.

"Na ulisema asijaribiwe."

Simioni alijitoa majani nyweleni. Alipewa asali kwenye kipande cha kibuyu, akailia palepale alipo, maana kila alipopiga hatua moja kuelekea nyumba alibwekewa. Hakuweza hata kumgusa. Njia nzima ya kurudi, anasema, alikuwa amekasirika, na hajui kwa nini alikuwa akiimba.

Leo sanduku la sabuni halipo tena kwenye keria. Gati amepanda vitunguu ndani yake, na ameonya kwamba mtu akigeuza baiskeli tena kwenye mahame ajue chakula chake kitakuwa kwenye mahame hayohayo. Josho linaendelea. Wachungaji wanaendelea na miluzi yao. Tomaso amepata mbwa mwingine, na amekwisha kumkoholea.

Simioni anakung'uta kofia. Amekwisha kumwomba bwana mifugo amwazime tena Natta mwakani, zamu ya sindano ikifika.

"Ataniuma, najua," anasema. "Na aume. Ila ninachotaka ni kimoja. Nataka anibwekee kabla sijavuka mto. Kama wenzake. Kama mbwa mwenye kwao."

Anapanda baiskeli. Nyumba ya kwanza inaanza, ya pili inapokea.