Mwalimu Gaspard na Mwanafunzi wa Tano

Usimwonee huruma mapema Gaspard, mwalimu wa Kilatini kule Rugenge. Miaka ishirini na sita, kila siku ya kwanza ya masomo, anaandika ubaoni kitenzi kilekile: facere, yaani kufanya. Chini yake anapanga uzao wake: Wafaransa faire, Waitaliano fare, Wahispania hacer, Wareno fazer, Waromania a face. "Mama mumoja," anasema, "ila kila mutoto amelelewa kwa jirani." Hapo machozi humlengalenga. Mtu mzima!

Mwaka huu prefe, mkuu wa shule, alimwambia waziwazi: siku inspekta atakapokuja, wakikosekana wanafunzi watano, Kilatini kinafungwa. Gaspard alikuwa nao watano kamili, na wa tano, Noella, aliwapita wote kwa akili. Ndipo Noella akamletea barua ya mama yake, mchuuzi wa vitenge kule Kavimvira: mtoto ahamie masomo ya biashara.

"Mwalimu, unipelekee kwa prefe."

Msichana alipoondoka, Gaspard akaichana barua, akaitupa chooni. Baada ya siku tatu akamwambia msichana, bila hata kupepesa macho, "Prefe amekataa." Noella alilia pale pale mbele yake: atamwambia nini mama? Gaspard akafurahi. Ndiyo, alifurahi!

Novemba inspekta akaja. Alisimama mlangoni mwa darasa tu, akatazama karatasi zake, akacheka. "Kilatini? Hapa kilifutwa tangu mwezi wa saba. Hamukuambiwa?"

Nyuma yake prefe akajikuna kichwa. Taarifa ilimfikia zamani, akaisahau.

Noella akainuka. "Basi prefe, munipokee kule biashara. Najua mulikataa barua ya mama, lakini sasa..."

"Barua gani? Minye sijaona barua. Na kule kumejaa pomoni. Utarudi mwaka kesho, uanze upya."

Wakubwa wakaenda zao. Msichana akamgeukia Gaspard. Mwalimu akamsogelea.

"Noella, usikasirike. Uje kwangu nyumbani kila siku, nitakufundisha. Iko bado mengi. Weye una kichwa, mutoto wangu."

"Mwalimu, minye nilikipenda Kilatini," akasema Noella. "Ungeniomba tu nibakie, ningemubembeleza mama, ningebakia. Sasa nakuchukia, na hicho Kilatini chako nakichukia."

Akachukua mfuko wake, akatoka. Wale wanne wakamfuata, na wa mwisho akavuta mlango.