Kimya cha Candide Mbele ya Majaji

Joséline, jirani yangu hapa mjini, mtaa wa Kashaulili, ni fundi cherehani. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa kijijini Mwese, na Kiswahili chake kikichoka kinaegemea Kirundi. Mdogo wake, Candide, alifia njiani akitolewa huko kuletwa mjini kujifungua. Habari hiyo ndiyo aliyoiandika kwa ajili ya shindano la hadithi za filamu, maana waandaaji walitangaza kwamba hadithi ya mshindi itatengenezwa ionyeshwe mkoa mzima. Alitaka watu waione ile barabara ya tope.

Siku ya majaji aliniomba nimsindikize. Nikambeba mtoto wangu mgongoni, tukaenda kwenye ukumbi wa gesti ya Gabrieli. Majaji walikuwa watatu. Gabrieli alikuwa jaji kwa kuwa ukumbi ni wake. Dorice mwenye saluni alikuwa jaji kwa kuwa alichangia fulana za shindano. Mkubwa wao alikuwa Masalu, yule anayetafsiri muvi kwenye banda la video: picha inakwenda, yeye kashika maiki anawasemea wote, wanaume kwa wanawake, mpaka mbwa.

Tuliwakuta wanakula samaki wa kukaanga. Karatasi za Joséline walizitandika chini ya sahani. Masalu akazichomoa chache, akafunua kwa vidole vya mafuta, akalamba kidole, akafunua tena.

"Hii yako nzuri, dada," akasema. "Ila hapa pana tatizo. Pikipiki imekwama kwenye tope, wanambeba mgonjwa, wanatembea, wanatembea, hakuna anayesema. Wamekuwa mabubu?"

"Alikuwa ameacha kulia," Joséline akajibu. "Kila mtu alijua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema."

"Sasa mimi hapo niseme nini kwenye maiki?"

"Usiseme, kaka."

Dorice akacheka. "Masalu anyamaze? Huyo hata usingizini anatafsiri."

Joséline akawaangalia mmoja mmoja. "Samahani, wakubwa. Nyie mmewahi kuandika filamu?"

"Mimi nimetafsiri za Kihindi na za Kikorea wewe hujaolewa," Masalu akasema.

"Kikorea unakijua?"

"Cha kazi gani? Mtu akikunja uso si unaona anatukana?"

Gabrieli alicheka mpaka akapaliwa na mwiba. Mtoto akaamka, nikageukia ukutani nikamnyonyesha, wasiuone uso wangu. Hata mkunga wa kijijini huulizwa amezalisha nani kabla hujamkabidhi mtu. Hawa, walipopewa ujaji, hawakuulizwa na yeyote.

"Sikia," Masalu akasema, sasa kwa upole. "Tumeshakubaliana wa kwanza ni wewe. Ila hapo njiani nitilie maneno. Mume aanguke kwenye tope, 'Candide, unaniacha na nani?' Halafu Candide afumbue macho, amuage vizuri. Watu walie."

"Na apendeze," Dorice akaongeza. "Nitampaka poda mimi mwenyewe."

Kumpaka marehemu.

Joséline akasema taratibu, "Shemeji hakuanguka. Alikuwa amemshika miguu. Angeanguka, angemwangusha."

"Hii ni filamu, dada, siyo maelezo ya polisi."

"Nipeni karatasi zangu."

"Ukitoka nazo, nafasi naipa mwingine."

"Mpe."

Gabrieli akainua sahani. Ukurasa uliokuwa chini yake uling'ang'ania, ukachanika. Nje, Joséline akajaribu kuufuta kwa kitenge, mafuta yakazidi kutapakaa.

Walimpa mwingine kweli, mwenye hadithi ya mke anayeongea mpaka kaburini. Miezi ikapita, na Jumamosi walipoionyesha filamu yenyewe, banda la video lilifurika. Tulikuwa kibarazani kwa Joséline, anashona sare za shule, na sauti ya Masalu inatufikia, analia kama mwanamke, watu wanapiga makofi. Nilimtazama nikaona amesimamisha mguu kwenye cherehani.

"Ingekuwa yako ile," nikamwambia. "Hujuti?"

"Barabara wasingeiona, Mama Evodi. Wangemwona Masalu."

Akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.