Mlango Unaobebeka

Siku niliyoanza kazi katika karakana ya milango pale Garsen, Fundi Mkuu hakunipa randa wala msumeno. Alinionyesha mlango uliokwisha kupakwa vanishi, ukiwa umeegemezwa ukutani, akaniambia niubebe mpaka barabarani na kurudi nao. Nilikuwa kijana mwenye kifua, nikaubeba kwa maringo. Niliporudi jasho likinitoka, akaniuliza, "Mwenye mlango huu ni bibi mmoja wa Ngao. Unadhani ataweza?"

Nikamjibu kwamba bibi hana haja ya kuubeba, kazi yake ni kuufungua na kuufunga. Fundi Mkuu alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe wewe umezaliwa mlimani," akasema, na alijua vizuri kwamba nimezaliwa kando ya mto kama yeye.

Aliyoyasema yalinichoma kwa sababu nilikuwa nimesahau kitu nilichokiona tangu utotoni. Maji ya Tana yakipanda, watu wetu huhamia kwenye mwinuko, na mlango huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutoka. Kuta za udongo zitakandikwa tena na paa litaezekwa upya, lakini mbao nzuri haziokotwi. Mlango hulazwa juu ya mtumbwi, na huko kambini huwekwa juu ya magogo ukawa kitanda.

Ndiyo maana karakana yetu ilitumia bawaba za pini. Nusu ya bawaba hukaa kwenye fremu, na pini yake inatazama juu. Nusu nyingine hukaa kwenye mlango, ina tundu linaloivaa pini. Ukiufungua mlango wote na kuuinua, umetoka. Ukiwa umefungwa hauinuki, kwa kuwa juu unagonga fremu, basi mwizi na ahangaike. Fundi Mkuu alinifundisha pia kuiacha pini ya chini iwe ndefu kidogo kuliko ya juu, ili anayeurudisha mlango akiwa peke yake aivalishe hiyo kwanza, kisha atafute ya juu bila kubabaika.

Baadaye nilipelekwa Ndera kwenye nyumba za wafanyakazi, chini ya Msimamizi wa Ujenzi aliyetoka mbali. Yeye aliletewa milango ya flashi, yaani fremu nyembamba iliyobandikwa plaiwudi pande mbili, katikati hewa tupu. Nilipomuuliza kuhusu bawaba za pini, alinigonga begani. "Fundi, hizi ni nyumba za kudumu. Milango yake haiendi popote."

Mvua za kwanza ziliijaza maji ikaumuka kama mandazi. Ni kweli haikwenda popote, hata kufunguka ilikataa. Msimamizi alikuwa mtu mwema, wala si yeye aliyeichagua. Alivua shati tukasaidiana kuichonga pembeni, na mpaka leo sijui ilivumilia msimu wa pili au la.

Kijiji cha Kau ndiko nilikojifunza kuzijua mbao. Milango tuliisafirisha ikiwa imelazwa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na mwenye mitumbwi alinung'unika safari nzima kuhusu uzito. Huko ndiko nilikoanza kuupenda mwarobaini. Mchwa huukwepa kwa uchungu wake, unapatikana karibu, na ukikaushwa kivulini bila haraka haupindi sana. Ukiukausha juani kwa pupa utapata mlango wenye tumbo, usije ukanilaumu.

Nyinyi mnaojenga kwa kujibana, nawaomba jambo moja. Msinunue mlango kabla ya fremu kusimama. Nimeona watu wazima wakikata ukuta mpya ili kuupitisha mlango waliouona dukani wakaupenda. Simamisha fremu kwanza, ipime kwa timazi, ile kamba yenye kizito inayoonyesha wima, na mgongoni mwake pigilia misumari iliyokunjwa ili saruji iishike. Pesa zikibana, weka mlango mmoja wa maana pale nje, na vyumbani tundika mapazia. Halafu paka rangi ukingo wa chini usioonekana, maana maji huanzia hapo.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwa jirani yangu, Mama Jillo, mjane mwenye mguu mbovu. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imechukuliwa na maji, na mwanawe Jillo, anayefanya kazi Mombasa, akamjengea ya bloku. Pesa zilizobaki zilitosha mlango mmoja tu. Jillo alitaka wa chuma.

"Baba Maro, mwambie mama," alinisihi kwenye simu. "Yuko peke yake. Wezi wakija je?"

Mimi nilikuwa upande wake. Nilimwambia Mama Jillo kwamba bloku hazihami kama udongo, kwa hiyo mlango nao unaweza kukaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba simu.

"Jillo, wewe uko Mombasa," alisema. "Mimi maji ikija, chuma nani atabeba?"

Jillo akakubali wa mbao. Nikamtengenezea mamake wa mwarobaini, mbao nyembamba zilizoshikwa na mikanda mitatu ya mbao nyuma, na nikautundika kwa bawaba za pini huku nikinuna kidogo, kwa sababu nilidhani nimeshindwa na ukaidi wa mzee mwenzangu.

Maji yalikuja msimu uliofuata. Tope lilifika magotini na mguu wa Mama Jillo haukuweza kulikanyaga. Mtumbwi ulikuwa umetangulia kuwapeleka watoto wa jirani. Nilimkuta ameketi kitandani, amejifunga kanga ya safari, ametulia kuliko mimi. "Toa mlango," akaniambia.

Niliuinua ukatoka. Tukamlaza juu yake, mimi na vijana wawili na Dulo, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake kuelekea mwinukoni. Nilishika pembe ya nyuma ya mlango. Nilipofikiria ule wa chuma, na maji yalivyokuwa yakiongezeka, niliogopa sana, na nikashukuru kwamba yule mama hakunisikiliza. Kambini aliulalia mlango wake mpaka mto uliporudi mahali pake.

Sasa nimestaafu. Mikono inatetemeka, na randa nimempa mwanangu Maro. Nikiulizwa mlango mzuri ni upi, nauliza kwanza nani atakaa nyumbani humo, na ni nani aliye karibu naye.

Mafuriko yale yalipokwisha, Jillo alikuja tulipokuwa tunazoa tope. Alisimama mbele ya uwazi wa nyumba aliyoijenga, akamtazama mamake ameketi juu ya mlango. Kisha akaniuliza unarudishwaje. Nilimwambia aanze na pini ya chini. Alihangaika, akaipata, akapata na ya juu, mlango ukakaa.

"Sasa toa tena," Mama Jillo akamwambia.

"Mama, si umeshakaa?"

"Toa. Nataka kuona unajua."

Jillo aliufungua wote, akainama, akauinua.