Shimo la Jicho Limekataa Kufunga

Kakamega hii, fahali hawapigani kabla mimi sijafika uwanjani. Uliza mtu yeyote.

Leo nimetoka kliniki ya macho na uchungu mwingi.

Nilikuwa na shimo nyuma ya jicho, katikati kabisa. Nikiangalia mtu naona masikio, uso hakuna. Madaktari wakanipasua, wakajaza hewa ndani ya jicho, wakaniambia nilale kifudifudi siku saba ndiyo hewa ipande ikandamize shimo, lifunge.

Leo daktari, msichana mdogo tu, amechungulia ndani ya jicho.

"Mzee, halijafunga."

Nje kwenye benchi nikamkuta jirani yangu Mama Nekesa. Yeye pia alikuwa na shimo.

"Langu lilijifunga lenyewe, shemeji. Hata wembe haukunigusa."

Lenyewe! Na mimi niliyechomwa sindano ya jicho bila kupepesa? Haki iko wapi, jameni?

Daktari alikuwa ameniuliza kama nililala kifudifudi. Nikamjibu, "Kama mamba!"

Sasa niwaambie nyinyi tu. Kila mgeni aliyekuja kunipa pole, niliinuka, nikaketi vizuri, nikamsimulia operesheni yote.

Nyinyi mngeweza kusimulia mkiangalia sakafu? Mimi nilishindwa.