Kofia ya Baba Iliyochemshwa

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, ilinikuta Makambako na cherehani yangu, nimekaa kwenye baraza la duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa kuja kutoka mikoa ya mbali. Kushona nilifundishwa na masista wa misheni, kule nyumbani upande wa Njombe. Malori yalipoanza kushusha mabelo ya mitumba, ambayo watu waliyaita kafa Ulaya, kazi yangu ikafa taratibu. Nani angesubiri gauni wiki mbili wakati sokoni analipata asubuhi hiyo hiyo? Wenzangu wawili walifunga mashine zao wakarudi kulima viazi. Mimi sikurudi. Mimi ni mtu wa kubishana hata na njaa.

Chini kabisa ya mabelo zilikuwamo kofia za pama, zile nene za manyoya yaliyoshindiliwa, zenye ukingo mpana na utepe. Zilifika zimebanwa mpaka zimekuwa kama chapati. Vijana walizipiga mateke. Wao walitaka kapelo zenye maandishi. Mwenye duka alinipa bure huku akinicheka. Nikamwendea seremala mmoja wa Kifanya, akanichongea vichwa vitatu vya mbao ya paina: kidogo, cha kati na kikubwa. Kazi yenyewe nilijifunza kwa kuharibu. Mvuke wa birika unalainisha manyoya, unakivika kichwa cha mbao kofia hiyo, unaivuta kidogo kidogo kwa vidole gumba, unaifunga kamba, unaiacha ikauke yenyewe kivulini. Ukiiweka karibu na moto umeiua. Ukiitia kwenye maji ya moto umeizika kabisa.

Wakaanza kuja wazee. Walitoka Mdandu, wengine walishuka kutoka Iwawa kwenye baridi ya kukata masikio, wameshika kofia walizonunua enzi walipokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Wajukuu walikuwa wamezigeuza viota vya kuku. Nilizisimamisha upya, moja baada ya nyingine. Zile zisizo na mwenyewe nilizinunua au nilizibadilisha na viazi, nikazitundika ukutani chumbani kwangu mpaka ukuta ukajaa. Sokoni wakaniita mke wa kofia, kwa kuwa mume sikuwa naye. Waliolisema kwa kejeli niliwajibu kwamba kofia hainiulizi chakula kiko wapi.

Kofia ya kwanza kuishika maishani mwangu ilikuwa ya baba. Ilikuwa ya kahawia, aliinunua kwa mshahara wa mkonge kabla sijazaliwa. Kila Jumapili kabla ya misa niliipiga brashi mimi, si kaka zangu, maana wao walikuwa na haraka na baba hakupenda mkono wa haraka. Kuivaa hakuwahi kuniruhusu. Niliipiga brashi, nikamkabidhi, basi.

Baba alifariki mwezi wa saba, wakati wa ukungu, nikaenda nyumbani. Katika ukoo wetu, siku ya kumaliza msiba nguo za marehemu hugawiwa, na kofia ya mwenye mji, mkuu wa kaya, huwekwa kichwani mwa mrithi mbele ya watu wote. Kabla ya hapo lazima kila kitu kifuliwe. Msimamizi alikuwa shangazi, dada yake baba, mwanamke ambaye angepewa nafasi angefua hata ukungu wenyewe. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi na wanawake wenzangu, mara nikasikia harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Nilipotoka mbio, kofia ya baba ilikuwa inachemka ndani ya pipa pamoja na mablanketi na sabuni ya mche. Shangazi aliiopoa kwa mti, akaikamua kama tambara, na kwa kuwa jua halikuwepo akaitundika juu ya moto.

Nikamwambia ameiua. Akanijibu kwamba uchafu wa kifo hautoki kwa brashi.

Kesho yake baba mkubwa, kaka yake baba, aliichukua kofia ile akaiweka kichwani mwa kaka yangu mkubwa. Ikakaa juu ya utosi kama kikombe. Akaikandamiza, ikateleza, ikaanguka chini. Minong'ono ikaanza uwanja mzima. Mwaka ule kaka alikuwa amegombana na baba kwa kukata miti ya familia bila kuaga, na hakuna aliyekuwa halijui hilo. Mzee mmoja akasema waziwazi kwamba marehemu amemkataa mwanawe. Mwingine akasema kofia inayokataa kichwa huchomwa, isije ikaleta matata katika mji. Nilimhurumia kaka. Baba mkubwa akaagiza yaletwe mafuta ya taa.

Nikasimama. Wanawake hawakuwa wa kusimama pale, nami nililijua hilo vizuri. Lakini ile ndiyo kofia ya baba yangu, na ilikuwa inakwenda kuchomwa kwa kosa la sabuni.

"Baba hajamkataa mtu," nikasema. "Kofia imechemshwa. Manyoya yakichemshwa hujikunja, hata yawe ya kofia ya askofu."

Baba mkubwa akanigeukia. "Kaa chini, mwanangu. Kofia ya mwenye mji haishikwi na mwanamke."

"Nimezishika za wenye miji kutoka Mdandu mpaka Iwawa, baba, na hakuna mji ulioanguka. Tena ninyi nyote hapa mmevaa kafa Ulaya. Nguo za hao marehemu wa huko mlizifulia kwenye pipa gani?"

Baadhi walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoiokoa kofia siku ile. Baba mkubwa, ambaye mwenyewe alikuwa ndani ya koti la mtumba, akaamua nipewe mpaka Jumapili. Ikimtosha kaka, atavikwa. Isipomtosha, itachomwa na nisisikike tena. Shangazi alinigeuzia mgongo.

Nilirudi Makambako nayo imefungwa kwenye kanga. Ilikuwa ngumu kama kwato. Nikaanza na kichwa kidogo cha mbao: mvuke, vidole, kamba, kungoja. Siku ya pili ikakubali kichwa cha kati, kwa shida, manyoya yakilia chini ya vidole vyangu. Mkanda wa ngozi wa ndani ulikuwa umekatika, nikashona mwingine. Mwenye duka aliniletea chai, akakaa kunitazama, safari hii bila kucheka. Akaniuliza kama tabu yote ile ni kwa ajili ya kaka yangu. Nikamjibu ndiyo, halafu nikaona aibu kwa jinsi nilivyojibu haraka.

Jumapili baada ya misa ukoo ulikusanyika tena. Kofia ilikuwa imerudi kuwa kofia, ya kahawia, ukingo umelala sawa, utepe umenyooka. Hata shangazi aliiangalia mara mbili. Baba mkubwa akaiweka kichwani mwa kaka. Ikashuka, ikashuka, ikasimama vidole vinne juu ya masikio. Akaisukuma tena, ikagoma. Nikawaeleza kwamba manyoya yakishajikunja hayarudi yote, na mwisho wake ni pale. Kaka akaivua mwenyewe, akanikabidhi. Baba mkubwa akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta kiberiti.

Nikaivaa.

Ilinitosha. Shangazi akaniamuru niivue, baba mkubwa akasema nimepotea. Sikuivua.

"Mlisema kofia inajua kukataa," nikawaambia. "Basi kubalini kwamba inajua na kuchagua."

Kaka aliupata mji na shamba, na sikumwonea kijicho. Kofia niliondoka nayo kichwani, mchana kweupe, mpaka stendi, watu wakiniangalia.

Mafundi wengine wa kofia wamewahi kuniuliza kama kweli mwisho wa manyoya yale ulikuwa kwenye kichwa cha kati. Yalifika hapo kwa shida, yakilia. Lakini kichwa kikubwa kilikuwa pale mezani, birika bado linachemka, na nilikuwa na siku mbili nzima kabla ya Jumapili. Huenda kofia ingechanika. Huenda ingekubali, ikamfika kaka. Sikujaribu. Nilizima jiko, nikaivaa mbele ya kioo, ikanitosha, nikamlilia baba kwa mara ya kwanza tangu afe.