Siku Niliyomwogesha Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa Buzebazeba kwa dada yangu, nimeketi uani nachambua dagaa, mwanawe wa miaka saba akaamriwa kwenda kuoga. Akaingia bafuni amenuna. Punde nikasikia maji: chwaa! Kimya. Chwaa! Kimya tena. Dada akaendelea na mapishi yake, moyo umetulia. Mimi niliinamia ungo nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Ndugu yangu, maji yanayomwagwa sakafuni yana mlio wake, na yanayopita mwilini yana wake. Sikumsema yule mtoto. Ningemsemaje, na hila ile niliifanya mimi miaka mingi kabla hajazaliwa?

Mama yangu alikuwa mwalimu, akapangiwa kazi mbali, akaniacha Ujiji kwa bibi. Bibi alikuwa mtengeneza sabuni. Alichemsha mawese kwenye sufuria kubwa uani, akachanganya na kostiki, ile dawa kali inayoigandisha sabuni, akamimina kwenye visanduku vya mbao. Asubuhi alikata vipande kwa waya, vya rangi ya asali. Nyumba nzima ilinukia mawese na moshi, na kwenye uzio madodoki yalining'inia yakikauka, tayari kwa migongo yetu.

Katika nyumba hiyo ya sabuni, mimi ndiye niliyekuwa mchafu kuliko watoto wote wa mtaa.

Usidhani niliogopa maji. Ziwani ungenitoa kwa fimbo. Ni lile bafu la mabati nisilolipenda, maji ya ndoo yaliyolala nje, dodoki linaloparura, povu machoni. Basi nilisimama pembeni nikamwaga maji chini kwa bakuli, nikalowesha nywele na nyayo, nikajipaka mafuta kwenye miguu ing'ae. Bibi alipoanza kuikagua sabuni kama imelowa, nikajifunza kuilowesha. Alipoanza kupitisha kidole gumba nyuma ya sikio langu, nikakosa dawa.

"Mke mwenzangu," aliniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "babu yako angekukimbia."

Nilicheka tu. Lakini Jumatatu moja mwalimu wa zamu alipita mstarini akikagua kucha na shingo. Aliponifikia akanitoa mbele. "Huyu si mjukuu wa mama sabuni?" akauliza. Shule nzima ikaangua kicheko. Jioni ile jirani yetu, mama aliyenunua sabuni kwetu kila wiki, alisimama mlangoni akanitazama, akamwambia bibi, "Labda sabuni yako siku hizi haitoi uchafu." Alisema kwa mzaha, lakini niliona bibi alivyokunja midomo. Hakunipiga wala hakunigombeza. Aliingia ndani akafunga mlango, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Siku chache baadaye ndoo ya kostiki ilimponyoka, kostiki ikamrukia mikononi. Alipiga ukelele ambao sijausahau. Jirani yule yule ndiye aliyekuja mbio, akamwagia maji mengi, akampeleka zahanati. Alirudi mikono yote imefungwa bandeji hadi viwiko.

Jirani akaja kumwogesha. Bibi akakataa. Kesho yake akakataa tena. Mwanamke aliyeoga mara mbili kwa siku, aliyefua kanga ambayo wengine wangeiona safi, akawa anakaa pembeni ya mlango na jasho lake, hataki mtu amsogelee. Siku ya tatu akaniita.

"Leo utaniogesha wewe."

"Mimi, bibi?"

"Kwani nina mjukuu mwingine hapa?"

Nilipasha maji. Tukaingia lile bafu nililolichukia, akaketi kwenye kigoda, amenyoosha mikono yake mbele maji yasiifikie. Sikuwahi kuuona mgongo wake. Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Nikamwagia kidogo kidogo, kwa woga.

"Unamwagilia mchicha?" akauliza. "Mwaga, mwana wanje. Sugua." Alipolainika, Kiha kilimtoka: mwana wanje, yaani mwanangu.

Nikasugua. Shingo, mabega, kati ya vidole vya miguu, nyuma ya masikio. Povu lilitoka jeusi, kisha la kijivu, kisha jeupe. Nilishangaa, maana sikuwahi kusugua kitu mpaka povu likawa jeupe. Nilipomsuuza nikaona machozi yanamtiririka.

"Sabuni imeingia machoni?"

"Hapana," akasema. "Najisikia mtu tena."

Akanionyesha ndoo kwa kidevu. "Yaliyobaki ni yako."

Niliyaoga yote. Nisikudanganye kwamba tangu siku ile sikutega kuoga tena. Nilitega, hasa asubuhi za mvua. Lakini kwa wiki zile zote za bandeji tulioga pamoja kila jioni, yeye kwanza, mimi baadaye, naye akinisimulia habari za ujana wake. Jumatatu mwalimu alinishika mikono, akaigeuza, akanitazama shingoni, akapita bila neno. Hakuna sifa niliyowahi kupewa shuleni iliyonifurahisha kama kule kupitwa.

Mikono ikapona, ikabaki na mabaka meupe. Bibi akaanza kuoga peke yake. Jioni ya kwanza nilisimama nje ya mabati nikisikiliza maji, nimekosa kazi, karibu nilie kwa kuionea wivu mikono yake. Ndipo sauti yake ikatoka: "We mke mwenzangu, njoo. Mgongo siufikii."

Aliufikia vizuri. Maisha yake yote alikuwa akiusugua mwenyewe kwa dodoki refu. Nami nilijua, na nilikimbia.

Aliendelea kutoufikia mgongo wake hadi nilipokwenda sekondari, na kila likizo baada ya hapo. Sasa bibi hayupo. Nyumba ina wapangaji, ua umewekwa saruji, na dada anasema bafu lao lina vigae. Ni vizuri, watu wamepata nafuu. Mimi ninaoga kwa sabuni ya dukani yenye harufu ya maua, maji ya moto yanatoka ukutani. Ila ikifika jioni, nikiwa nimeshika taulo, huwa nasimama kidogo pale mlangoni, kama mtu anayesubiri kuitwa.