Dada Yangu Alijua Kujumlisha, Mimi Nikasema Hana Kichwa

Admin, jina langu lifunike kabisa, maana huku Newala tunajuana mpaka kwa kikohozi. Shikamooni wakubwa wenzangu, kama mmebaki. Nyie wadogo nasubiri zenu, msijifanye hamjanisikia.

Mimi ni babu wa miaka themanini na saba, meno manne, mke wa tatu; wawili wa kwanza walinichoka wakatangulia. Shule niliishia darasa la sita, lakini nimefundisha hesabu miaka mingi na mpaka leo watu wananiita Mwalimu. Hili sijawahi kumwambia mtu. Nilingoja liniume ndipo niliseme. Haliumi, basi nalisema hivyo hivyo.

Enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru, nilikuwa kijana nikifundisha shule ya kijiji upande wa Mnyambe. Cheti sina, fimbo ninayo. Darasani mwangu alikuwemo mdogo wangu wa tumbo moja, tumwite Somoe, wa miaka kumi hivi. Siku moja nikatoa hesabu ya kichwa: nane na saba. Wavulana wakatazama paa. Somoe akanyoosha mkono.

"Kumi na tano."

"Umejuaje?"

Akakunjua vidole. "Nane ni tano na tatu. Saba ni tano na mbili. Tano na tano kumi, tatu na mbili tano."

Ndivyo Kimakonde kinavyohesabu, saba tunaiita tano na mbili. Lakini mimi nilifundishwa kupanga namba juu na chini, naandika tano, nabeba moja. Kwa nini inabebwa, sikujua. Nikamwona mtoto wa nyumbani kwetu anajua kitu mwalimu wake hakijui, na darasa zima linaniangalia mimi. Nikamchapa. Nikasema amekisia.

Jioni nikamwambia baba, "Somoe hana kichwa cha hesabu." Baba alifurahi, Mungu amrehemu. Maji tulikuwa tukiyafuata bondeni, kushuka na kupanda nusu siku, akaona amepata mchotaji. Kesho yake Somoe hakuja shule.

Mwezi haukuisha, walimu wa madarasa ya chini tukaitwa Masasi, wiki mbili, tukafundishwe upya kujumlisha na kutoa. Tulicheka njia nzima. Watu wazima wenye ndevu! Mkufunzi alikuwa Mwafrika mwenzetu mwenye miwani. Akauliza, "Tukijumlisha, ile moja tunayobeba ni nini?"

Mwalimu mmoja mzee wa Chiwata akajibu, "Ni moja, bwana."

"Moja gani?"

"Moja ya kubeba."

Tukavunjika mbavu. Mkufunzi hakucheka. Akatugawia vijiti, tukavifunga kumi kumi, akasema, "Mtoto asiyejua kwamba ile moja ni fungu la kumi, hajui kujumlisha, anaiga. Na nyie mnaiga. Nani ana njia ya kumwonyesha mtoto hilo fungu bila vijiti?"

Mdomo ukanitangulia. Nikasimama, nikasema maneno ya Somoe yote, mpaka na vidole vyake.

"Umeitoa wapi hiyo, Mwalimu?"

"Nimebuni mwenyewe, bwana."

Akanipa mkono. Siku tatu nzima nilisimamishwa mbele niwaonyeshe wenzangu. Yule mzee wa Chiwata akaninong'oneza, "Kijana, akili zako ni za kukaa nazo mbali." Nikapewa karatasi ya sifa, na karatasi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye mafunzo mengine mpaka nikapata cheti.

Niliporudi nilimkuta Somoe anapanda kutoka bondeni, debe kichwani.

"Shikamoo kaka. Huko Masasi mmefundishwa nini?"

"Marahaba. Mambo ya walimu."

"Magumu?"

"Magumu sana. Wewe usingeyaweza."

Sikuona aibu, sikuona huruma. Nilisikia kiu tu, nikamwomba maji, akanitekea.

Somoe akaolewa, akazaa binti. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake. Binti alipofika darasa la nne, Somoe akaja naye kwangu. "Kaka, huyu kichwa chake kama changu. Nimtoe shule, asikuchoshe?" Nilikuwa nakula ugali kwa kisamvu. Nikasema mtoe, nikaongeza mboga. Mboga ile naikumbuka. Uso wa mtoto siukumbuki.

Sasa mjukuu wa yule binti amechaguliwa kwenda sekondari. Somoe yu hai, anakaribia themanini, na amekataza mtoto asiende. Anasema, "Damu yangu haina hesabu. Kaka aliniambia mapema, na ninamshukuru." Mtoto analia tangu Jumatatu. Ijumaa tunakaa kikao cha ukoo, na neno la mwisho wanalingoja kwangu.

Najua mtasema: babu, wewe sema "aende", yaishe. Hilo nimelifikiria kabla yenu, mimi ni mjanja wa siku nyingi. Lakini Somoe atakuwa mkekani pembeni yangu. Nikisema aende, atanigeukia aniulize, "Kwa nini huyu ndiyo, na binti yangu hapana?" Nikimdanganya ataniamini, maana hajawahi kuacha kuniamini. Nikimwambia kweli, nitakuwa namrudishia akili zake leo, mgongo umepinda na macho hayaoni vizuri, azipeleke wapi? Na yule binti, ambaye sasa naye ni bibi, nimtazame vipi?

Watu husema anayetubu hulia. Mimi nimemaliza kusimulia macho makavu, na chai nimekunywa.

Matusi nitayapokea, ila tangulizeni ushauri kwanza, maana leo ni Jumatano. Nishaurini jamani: Somoe akinigeukia siku hiyo, nimjibu nini?